Kola kabla ya shati: shajara ya kujifunza cherehani Kisumu

Januari, shule zimefunguliwa

Mradi wenyewe ni shati moja la sare ya shule: jeupe, mikono mifupi, mfuko mmoja kifuani, kola iliyosimama sawasawa pande zote mbili. Nataka kulishona mwenyewe kuanzia kukata hadi kupiga pasi, na mwanangu alivae muhula wa tatu utakapofunguliwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, na kwa upande wa sindano najua kutia kifungo tu. Nimepata wa kunifundisha, mama mmoja anayeshona kwenye baraza ya duka kule Manyatta. Yeye alianza kazi hii wakati kiwanda cha nguo cha KICOMI bado kinatoa vitambaa mjini humu. Mimi namwita mama, yeye ananiita mwalimu. Tumekubaliana nipite kwake jioni nikitoka shuleni, nilipe kidogo kila wiki, na mashine yake ya pili niitumie hadi giza liingie.

Naandika shajara hii kwa ajili ya mtu mzima mwenye kazi yake anayetaka kuanza ujuzi mpya. Nimewaona wengi wakiiacha cherehani njiani, na kwa maoni yangu kazi yenyewe haikuwashinda. Hawakuambiwa tu kwamba miezi ya mwanzo haina nguo ndani yake.

Agizo la kwanza la mama lilikuwa fupi: "Mwalimu, kwanza ujue kukanyaga. Sindano tutaiweka baadaye."

Cherehani ya miguu inaweza kwenda kinyume, na hapo ndipo taabu ya mwanzo ilipo. Pedali iko chini, fimbo inaiunganisha na gurudumu kubwa, mkanda unapanda hadi kwenye gurudumu dogo la mkono lililo upande wa kulia. Gurudumu hilo dogo likizunguka kuja kwako, mshono unakwenda. Likizunguka kwenda kule, uzi unajisokota ndani na kukatika. Miguu peke yake haichagui upande. Mkono wa kulia ndio unaoanzisha gurudumu, kisha miguu inaupokea mwendo. Na katika kila mzunguko kuna mahali pawili ambapo fimbo husimama wima, juu kabisa na chini kabisa, na hapo ukanyage utakavyo hakuna kinachosogea. Anayekwenda kasi hupita pale bila kujua. Anayekwenda polepole hukwama papo hapo, na akikanyaga tena gurudumu linarudi nyuma. Kwa hiyo kwenda polepole ndiko kugumu, na mama ameanza nako makusudi.

Zoezi lenyewe: sindano imetolewa, uzi hakuna, kiguu kinachokandamiza kitambaa kimeinuliwa. Anza. Simama. Anza, zungusha mara tatu, simama. Anza polepole kuliko hapo, na usiruhusu likwame. Kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mwingine vinapokezana, na nguvu inatoka kwenye kifundo, goti limetulia. Siku za mwanzo misuli ya mbele ya mguu inauma usiku.

Mwezi unapokwisha, nyayo zinajua. Najua kwamba zinajua kwa sababu mama ananiuliza habari za shule, namjibu kwa kirefu, na gurudumu linaendelea kuja kwangu.

Februari, joto

Sasa ni karatasi. Mama ametia sindano kuukuu, maana karatasi huondoa makali ya sindano na hiyo haitarudi tena kwenye kitambaa. Uzi bado hakuna. Daftari za zamani za shule zimepata matumizi: natoboa matundu juu ya mistari iliyochapwa, mstari baada ya mstari, hadi mwisho wa ukurasa.

Sikutarajia karatasi iwe mwalimu mzuri hivi. Kitambaa hulegea na kuficha, karatasi haifichi. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga unaona kila kitu: safu ya matundu iliyonyooka, mahali ilipotoka nje ya mstari, mahali matundu yalipobanana kwa sababu mkono uliishikilia karatasi isiende. Meno yaliyo chini ya kiguu ndiyo yanayovuta. Mkono unaongoza tu, na ukivuta au kuzuia, umeingilia kazi isiyo yako.

"Usiangalie sindano," mama ananiambia. "Sindano haiendi popote. Angalia ukingo wa kiguu na mstari ulio mbele yake."

Kanuni yake nyingine ni ukurasa mmoja, jambo moja. Leo ni kusimama penye mstari wa pambizo, bila kuupita. Kesho ni kona: sindano ibaki chini, inua kiguu, geuza karatasi, shusha kiguu, endelea. Baadaye ni mviringo uliochorwa kwa kuzungushia kikombe. Nikimpelekea ukurasa hautazami wote. Kama siku ile ni ya kusimama, anatazama miisho ya mistari tu, hata katikati ikiwa imeyumba namna gani. Anasema hii imepita, hii haikufika, hii ndiyo, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Jambo hili limenigusa kama mwalimu. Sisi tukisahihisha insha tunatia wino mwekundu kila mahali kwa mkupuo mmoja: tahajia, alama za uakifishi, ngeli, mwandiko, mpangilio wa aya. Mtoto anapokea daftari jekundu na hajui aanze kurekebisha wapi. Nimeanza kuwaambia darasa langu mapema: insha ya wiki hii nitasoma nikiangalia alama za uakifishi tu. Wanaandika kwa utulivu zaidi, na alama zenyewe zinarekebika.

Nilitaka pia kuhamisha masomo yangu yote yawe Jumamosi, kutwa nzima, nipumzike siku za kazi. Mama amekataa. Kidogo kila jioni, na ukichoka nenda nyumbani, kwa sababu mtu anayeshona amechoka anazoea kushona vibaya. Chuoni tulisoma habari za Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Katika jaribio moja marudio 38 aliyoyagawanya katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya siku moja. Tuliikariri habari hiyo kwa ajili ya mtihani. Mama hakuisoma popote. Ameijua kwa kuangalia wanafunzi waliopita barazani pake.

Machi, mvua zimeanza

Jioni ngurumo zinatoka upande wa ziwa na tunavuta mashine ndani zaidi ya baraza. Stima ikipotea hatusimami, ila macho yanahitaji taa.

Uzi umeingia. Mshono wa cherehani hizi ni nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi kilicho chini, zinazokutana ndani ya unene wa kitambaa na kushikana hapo. Mashine ya mshono wa namna hii ndiyo Elias Howe aliyopatia hataza Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Umri wote huo, na bado jambo la kwanza mwanafunzi analopaswa kulielewa ni lilelile: nyuzi mbili zivutane kwa nguvu sawa. Ukiona vitanzi chini ya kitambaa, tafuta kosa juu. Ukiona uzi wa chini unachungulia juu, huenda wa juu umekazwa mno. Wanaoanza hurekebisha upande ule wanaouona umeharibika, na wanahangaika jioni nzima.

Mama ananifanya nitoe uzi wote na kuutia upya, tena na tena, kabla hatujashona chochote. Kiguu kiinuliwe kwanza. Kikiwa chini, zile sahani mbili ndogo zinazobana uzi zimefungwa, na uzi utapita pembeni yake badala ya kuingia katikati. Hapo vitanzi vitatokea hata ungekaza skrubu hadi mwisho. Nilipolijua hilo kwa vidole, cherehani iliacha kuwa na "siku mbaya".

Katikati ya mwezi maendeleo yamesimama. Mishono mirefu ya mabaki ya vitambaa inatoka ileile kila jioni, haiharibiki na haiboreki. Nimekumbuka kitu kingine nilichowahi kusoma. Mwaka 1897, na tena mwaka 1899, William Lowe Bryan na Noble Harter wa Indiana, Marekani, walichapisha habari za watu waliokuwa wakijifunza simu za maandishi, zile zilizopitishwa kwenye waya kwa milio mifupi na mirefu. (Reli ilipofika hapa Kisumu mwaka 1901 waya wa simu hizo ulikuja nayo, kwa hiyo kuna vijana waliopitia mafunzo hayohayo kwenye stesheni zetu.) Bryan na Harter walipochora jinsi uwezo wa kupokea ujumbe ulivyopanda wiki kwa wiki, mstari ulipanda, ukalala muda mrefu, kisha ukapanda tena. Maelezo yao ni kwamba wakati mstari umelala, herufi zilikuwa zinageuka kuwa mazoea, na zilipokwisha kugeuka akili ilipata nafasi ya kushika maneno mazima. Watafiti waliofuata hawakuuona ulalo huo kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo siuchukui kama sheria. Lakini umenipa swali la kujiuliza: kitu gani kinaingia chini kwa chini sasa hivi, ambacho mshono ulionyooka hauwezi kunionyesha?

Mama naye ana njia yake. Amenipa kitambaa chenye mistari na kuniambia nishone mapande mawili mistari ikutane. Kumbe mikono iko huru kufanya hivyo. Miezi miwili iliyopita nisingeweza kufikiria miguu, ukingo na mistari ya kitambaa kwa wakati mmoja. Sasa nafikiria mistari tu, mengine yanajiendea.

Aprili, likizo

Jumapili soko la Kibuye hufurika watu na mitumba. Nimenunua shati jeupe la bei ya chini lililotoboka kiwiko, lenye kola nzuri, nikalifumua lote kwa wembe.

Nampendekezea kila anayeanza afanye hivi. Kilichoshonwa mwisho ndicho kinachofunguka kwanza. Vifungo vinatoka, kisha pindo, kisha mshono wa ubavu, kisha mikono, kisha kola na ukanda wake wa shingo, kisha mabega, mwisho mfuko. Unapolifumua shati umelisoma kutoka mwisho hadi mwanzo, na ukigeuza orodha hiyo una mpango mzima wa kazi bila kuelezwa na mtu. Vipande viko mezani na kila kimoja kina kumbukumbu zake: mikunjo ya pasi isiyofutika, matundu ya sindano, mahali kitambaa cha ziada kilipopunguzwa.

Nilipolaza kipande cha juu cha kola juu ya cha chini, havikulingana. Cha chini kilikuwa kidogo zaidi, milimita mbili au tatu, pande tatu. Nikadhani kimerudi kwa kufuliwa. Mama akacheka, akaniambia hakuna kilichorudi, kimekatwa hivyo. Kipande cha chini kikiwa kidogo kinauvuta mshono kwenda chini ya ukingo, usionekane ukiwa umelivaa shati. Nimekuwa nikivaa mashati maisha yangu yote na sijawahi kuona hilo.

Jioni ile nilipanga upya mradi. Shati zima lina kola moja, na kola ina ncha mbili. Mishono mingine karibu yote ni mirefu na imenyooka, kitu ambacho sasa nakiweza. Mtu anayejifunza kwa kushona mashati mazima anakutana na ncha ya kola mara mbili katika kila shati, tena amekwisha choka kwa kazi ya saa nyingi asiyohitaji kuirudia. Anaweza kushona mashati mwaka mzima na ncha zake zisibadilike. Kurudia anarudia kweli, ila anarudia kile anachokijua.

Kwa hiyo sitashona shati sasa. Nitashona kola.

Mei, kola

Kola ni vipande viwili vya kitambaa na cha tatu kigumu cha ndani kinachoipa umbo. Unaweka vile viwili uso kwa uso, unashona pande tatu, unaacha upande mrefu utakaoingia kwenye ukanda wa shingo, unapindua. Ugumu wote uko kwenye ncha.

Mshono ukifika kwenye kona na kugeuka mara moja, kitambaa kilichobaki ndani hakina pa kukaa ukishapindua. Kinajirundika na ncha inatoka butu, yenye kauvimbe. Mama anafanya hivi. Akikaribia kona anapunguza urefu wa mshono. Akifika anashusha sindano, anainua kiguu, anageuza nusu tu, anapiga mshono mmoja wa mshazari kukata kona, anageuza nusu iliyobaki, anaendelea. Halafu anapunguza kitambaa cha ziada kwa mshazari, karibu na mshono lakini si kwa kuugusa, maana kona iliyokatwa mno hufumuka shati likifuliwa. Kupindua ni kwa vidole: cha shahada ndani, gumba nje, mikunjo miwili ya mshono imelazwa na kubanwa kwa ukucha kabla ya kugeuzwa. Mkasi hausukumi ncha kutoka ndani, kwa sababu unatoboa. Mwisho ni pasi ya makaa, kola ikiwa imelala chali ili mshono uonekane na uzungushwe kidogo upande wa chini.

Kipimo ni kukunja kola katikati, ncha juu ya ncha. Zikilingana, vizuri. Zisipolingana, moja ilikatwa, ilishonwa au ilipinduliwa tofauti na mwenzake, na ni lazima ujue ni lipi kati ya hayo matatu kabla ya kuanza nyingine.

Vitambaa vyangu ni mabaki kutoka kwa mafundi wa jirani, kila rangi. Kola iliyokwisha naandika tarehe kwa penseli ndani yake na kuitundika kwenye kamba ukutani. Nilitaka kuzifumua zile mbaya nizirekebishe, mama hakukubali. Nguo ya mteja hufumuliwa, zoezi halifumuliwi. Ukilirekebisha umefuta ushahidi, na saa uliyotumia kurekebisha ungeshona jingine jipya ukiwa umejua la kubadilisha. Nakubaliana naye kabisa. Kamba ile inanionyesha kitu ambacho kumbukumbu yangu ingekataa: ncha ya kushoto ndiyo dhaifu, kola baada ya kola, kwa sababu ndiyo ninayoifikia mwisho na mkono umekwisha kuharakia kumaliza. Sasa naanzia katikati ya ukingo mrefu na kushona kwenda upande mmoja, kisha narudi katikati na kwenda upande wa pili, ncha zote mbili zipate mkono uleule.

Watu wananiambia nina subira. Tunasema subira huvuta heri, na nakubali, lakini barazani hapa nimeona aina ya subira isiyovuta chochote. Mtu anaweza kukaa kwenye mashine miaka kumi bila kulalamika na bila kubadilisha chochote. Ile inayonifaa mimi ina kazi ndani yake: kabla ya kola inayofuata nijue nini kitakuwa tofauti, na baada yake nitazame kama kimekuwa.

Juni

Kuna jambo lililonisumbua. Kola ya mwisho ya jioni inatoka nzuri, na ya kwanza ya kesho yake inatoka mbaya zaidi ya ile. Ipi ni kiwango changu? Moyo unataka kusema ile nzuri. Nimeamua kuhesabu ya kwanza. Shati halitashonwa baada ya kupasha mkono kwa kola kadhaa. Kola yake itakuwa moja na itakuwa ya kwanza.

Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan, watafiti wa Marekani, waliwafundisha watu namna tatu za kusogeza mkono haraka kuangusha vibao kwa mpangilio maalumu. Kundi moja lilirudia namna ya kwanza hadi ikaisha, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa zote. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana bora. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Habari hiyo imenifanya nibadilishe jioni zangu. Sasa nashona kola moja, halafu mfuko wa kifuani, halafu pindo la mviringo la chini ya shati, halafu nairudia kola kana kwamba nimefika sasa hivi. Kazi inakwenda polepole na kamba ya ukutani imechafuka kidogo. Lakini kola za kwanza za jioni zimeanza kupanda.

Nisieleweke vibaya: mwezi wa Mei haukupotea. Mtu asiyejua kabisa kona ya kola hawezi kuchanganya chochote. Kwanza akae na kitu kimoja hadi akielewe, kisha akichanganye kabla hakijamfanya ajidanganye. Ni wakati gani hasa wa kuvuka? Kwangu mimi ilikuwa pale nilipoweza kueleza kwa nini kola fulani imeharibika kabla ya kuipindua.

Darasani nimefanya hivyohivyo na hesabu. Badala ya ukurasa wa kugawanya peke yake, ukurasa una kugawanya, kuzidisha na kutoa bila mpangilio. Wanafunzi walilalamika, alama zilishuka mwanzoni, na nikawaeleza wazi kwamba zitashuka. Sasa wanasoma swali kabla ya kuandika. Zamani walijua jibu ni la kugawanya kwa sababu kichwa cha ukurasa kilisema hivyo.

Julai

Barazani kuna msichana anayejiandaa kwa mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu. Yeye anashona haraka kuliko mimi mara nyingi, na anashona gauni za wateja kila siku. Tumekuwa tukibadilishana: ananionyesha tundu la kifungo kwa mkono, mimi namsomea maelezo ya sehemu ya maandishi. Tundu la kifungo limenirudisha mwanzo kabisa. Mshono mmoja, fundo dogo ukingoni, mwingine kando yake bila kuacha nafasi, kuzunguka mpasuo wenye urefu wa ukucha. Vidole havijui chochote. Safari hii, hata hivyo, sina wasiwasi, kwa sababu naijua njia: kitambaa cha rangi nyeusi na uzi mweupe ili makosa yaonekane, jambo moja kwa wakati, kidogo kila siku, ukutani.

Agosti, likizo

Kitambaa cheupe cha pamba iliyochanganywa na polista, kimefuliwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Nimekata vipande kwa kufuata vile vya shati la Kibuye nilivyovipunguza kwa vipimo vya mwanangu. Kabla ya kukata mama alipima kwa futi yake, akanionyesha mahali pamoja begani pa kuongeza, kisha akaenda zake sokoni. Sikumwomba abaki.

Shati limeshonwa siku chache, bila haraka. Mfuko kwanza, ukiwa bado kwenye kipande cha mbele kilicholala. Mabega. Kola nilipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi kabla ya kuiingiza kwenye ukanda wa shingo, na ncha zilipokunjwa zililingana. Nilizikunja tena kwenye mwanga, bado zikalingana. Ukanda wa shingo una kasoro upande wa kifungo: umetokeza kidogo mbele ya ukingo wa shati, upana wa uzi mmoja au miwili, kwa sababu sehemu hiyo sikuwahi kuifanyia mazoezi peke yake. Mikono imeingia bila mikunjo. Pindo ni safi.

Mama aliporudi alilipindua ndani kwanza, kama wanavyofanya mafundi wote, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavu, akaangalia kola, akaangalia ule ukanda.

"Hapa panahitaji kazi," akasema, akigusa ukanda. "Pengine pote ni pazuri. Mtoto avae."

Mwanangu amelijaribu, ameinua mikono yote miwili, amejikuna mgongo, ameuliza kama anaweza kwenda nalo nje. Nimemwambia lisubiri Jumatatu ya kufungua shule.

Kinachofuata ni shati la mikono mirefu, kwa hiyo kuna mpasuo wa mkono na ile kafu yake, ukanda wa kiganjani. Mpasuo ni mkato mmoja ndani ya kitambaa kizima, kipande chembamba upande huu, kipana chenye ncha upande ule, na ukikosea mkato hakuna kurudi nyuma. Nimeshaomba mabaki mapya kwa mafundi, nimeshakata vipande vya mikono mitupu bila shati. Nitaanza na mpasuo na ule ukanda wa shingo, kwa zamu.